Mgeni Wangu, Kihenge Changu na Unga wa Dukani

Huu ni mwezi wa sita. Magari ya kununua mahindi yameanza kupita, madalali wanagonga milango, na fedha wanazoshika mkononi zinaonekana. Kabla hujafungua kihenge, nipe dakika chache. Leo siandiki kuhusu mbegu wala mbolea. Naandika jinsi tunavyonunua chakula majumbani kwetu, hapa Kibondo na kule Kasulu nilikofanya kazi kabla ya kuhamia huku, na tabia hiyo ilitoka wapi.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa pili. Nilitembelewa na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha kilimo. Yeye naye ni afisa ugani, yuko Songea. Alishuka kwenye basi la jioni miguu imevimba kwa safari, akala, akalala. Asubuhi mke wangu akamwita mtoto, akampa hela, akamtuma dukani unga kilo mbili na mafuta ya kupima. Mgeni alikuwa amekaa kibarazani anakunywa chai. Akamtazama mtoto akienda, akamtazama tena akirudi na vile vifuko viwili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mke wangu asisikie:

"Ndugu yangu, una ekari tatu za mahindi. Unga unanunua wa nini?"

Nikamwambia mahindi tuliuza. Akauliza lini. Nikasema mwezi wa sita. Hakusema neno lingine, akaendelea na chai yake. Mimi ndiye ninayesimama kwenye mikutano ya vijiji na kuwaambia ninyi mweke akiba ya chakula. Aibu ile sijaisahau mpaka leo.

Siku ya pili aliomba kwenda gulioni na mke wangu. "Shemeji, nataka nione huku kwenu mnanunuaje," alimwambia. Wakatoka wote, mimi nikafuata nyuma nimebeba kikapu. Mke wangu alinunua dagaa mafungu mawili, nyanya fungu moja, sukari robo, chumvi pakiti ndogo, mawese ya kutosha mboga ya siku hiyo, na sabuni kipande. Mgeni hakuuliza kitu, lakini kila bei aliiandika kwenye daftari lake. Tuliporudi aliomba chupa tupu ya lita moja. Akachukua kile kikombe cha muuza duka (mtoto alikiazima, muuza duka akacheka), akajaza maji kikombe kwa kikombe mpaka chupa ikajaa. Vilikuwa vikombe 15. Kikombe cha mafuta tulikuwa tunanunua shilingi 500, na duka hilo hilo lita nzima lilikuwa linauza 6,000. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila lita tuliyoimaliza kwa vikombe tulikuwa tumelipa 7,500.

Ndugu mfanyabiashara, usikasirike. Kumimina kikombe kikombe ni kazi, mafuta yanamwagika, wengine wanakopa na hawalipi. Hiyo 1,500 si wizi. Lakini ni fedha inayotoka nyumbani kwangu kila baada ya siku chache, na nilikuwa siioni.

Usiku ule ndipo tulipokaa na kuanza kurudi nyuma. Mgeni wangu anapenda historia kuliko kilimo, mimi nimekaa mkoa huu miaka mingi na nimesikiliza wazee wengi. Swali letu lilikuwa moja: nyumba ya mkulima ilianzaje kununua chakula?

Zamani, nyumba ya Buha haikununua chakula. Ilinunua chumvi. Chumvi ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi za mto Ruchugi karibu na unapokutana na Malagarasi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale mwaka 1967 walikuta chumvi imekuwa ikichemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu walishuka kiangazi, wakachemsha au wakabadilishana, watemi wakachukua sehemu yao, na mizigo ikapanda huku milimani. Kitu cha pili kilikuwa jembe. Waha walikuwa wafua chuma, na jembe lilikuwa kama fedha, hata mahari ililipwa kwa majembe. Ukishuka Ujiji, kwenye soko la ziwani, ulikuta ushanga uitwao sofi ukitumika kama sarafu. Chakula chenyewe, yaani mtama, ulezi, maharage, ndizi na maziwa, kilitoka nyumbani. Henry Morton Stanley alipopita Buha Novemba 1871 akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, watawala wa huku walimtoza hongo ya nguo mara baada ya mara, mpaka akaamua kutoroka usiku na msafara wake asitozwe tena. Misafara ilikuja na nguo ikitafuta chakula. Sisi tulikuwa tunauza chakula na tunanunua nguo na chumvi. Hali hiyo ikumbuke, maana tutairudia.

Mgeni wangu alitaka kujua pia muhogo uliingiaje. Nikamwambia muhogo na mahindi yote ni mazao yaliyotoka Amerika, yakaenea bara polepole, na serikali ya mkoloni ikausukuma muhogo kama zao la kuzuia njaa. Mkulima akaupenda kwa sababu ni ghala lililo ardhini. Huhitaji kujenga kitu. Unachimba unapohitaji.

Kisha reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na utawala wa Mwingereza ukafuata pamoja na kodi yake. Kodi ilidai shilingi, na shilingi huku hazikuwepo. Wanaume wa Kasulu na Kibondo wakaenda kuzitafuta kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Ndio walioitwa manamba. Ni wazee wachache sana waliobaki ambao wanakumbuka, lakini wajukuu wao ni sisi. Manamba alifanya kazi kwa kipande na alipewa posho, unga wa mahindi uliopimwa. Fikiri kijana aliyetoka kwenye nyumba yenye migomba na kihenge, akaishi miaka miwili akila unga wa kupewa. Aliporudi alileta nguo, blanketi, labda baiskeli, na alileta mazoea mapya pia: sukari, chai, na kusubiri kupimiwa.

Hiyo nilimwambia mgeni kuwa ndiyo mara ya kwanza kwa chakula cha mgao kuingia mkoa huu. Ya pili ilikuja na vijiji.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wenye miaka 60 kwenda juu waliyaona kwa macho. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, mkoa wetu ukiwa miongoni mwa ya kwanza. Waha walikuwa wanaishi mmoja mmoja milimani, kila nyumba katikati ya migomba yake. Wakahamishwa, wakapangwa kando ya barabara kwa mistari. Shule, zahanati na maji vilikuwa rahisi kuvifikisha, sikatai. Ila migomba ilibaki mlimani, na mgomba haubebwi. Shamba likawa mbali na jiko. Mama aliyekuwa anakata mkungu nyuma ya nyumba akawa anatembea saa nzima kuufuata, au anaacha.

Wakati huo huo serikali ikawa mnunuzi wa nafaka kupitia Shirika la Usagishaji la Taifa. Bei ilikuwa moja nchi nzima, Dar es Salaam na Kibondo sawasawa. Kwa mkulima wa mbali kama sisi ilikuwa nafuu kubwa, maana gharama ya lori hakuibeba yeye. Ila ilikuwa na upande wa pili ambao watu wengi hawausemi: bei haikubadilika kwa msimu. Ukiuza wakati wa mavuno au ukikaa miezi sita, shirika lilikulipa ile ile. Sasa nani aweke mahindi ndani, yaliwe na panya, kwa faida gani? Kwa zaidi ya miaka kumi tulifundishwa kuuza mara tu baada ya kuvuna, na somo hilo tulilishika vizuri. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kijiji chenyewe kikawa wakala wa ununuzi. Mwaka huo huo ilikuja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yalifungwa ili duka la kijiji lishike nafasi. Serikali ililegeza baada ya muda mfupi, lakini biashara ndogo ilikuwa imeshavunjika mgongo.

Halafu ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na baada ya vita fedha za kigeni zilikauka. Sukari, sabuni, mafuta na nguo vilikuja kwa mgao. Ukisikia duka la kijiji limepata sabuni, unaacha jembe shambani unakimbilia foleni. Mijini watu walikula unga wa njano ulioagizwa nje, wakauita Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Mwaka 1983 ulianza msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyeonekana na magunia mengi ya kitu chochote alikuwa na maelezo ya kutoa. Mwaka uliofuata biashara ilianza kufunguliwa na bidhaa zikarudi. Lakini kizazi kizima kilikuwa kimejifunza kwamba kununua ni bahati, na kwamba kuweka vingi ndani ni hatari.

Mke wangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Akatoka, akasema, "Hata mama yangu sukari alikuwa anaificha kwenye mtungi, juu yake anaweka majani ya maharage." Mgeni akacheka sana. Yeye mama yake alificha kwenye godoro.

Kuna mdudu pia, na kama bwana shamba siwezi kumwacha. Dumuzi, ambaye wengine wanamwita Scania, ametoka Amerika ya Kati. Huku Afrika Mashariki alitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa jirani zetu wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kihenge cha zamani chenye magunzi, moshi ukipita chini, kiliweza kupambana na fukusi wa kawaida. Kwa dumuzi hakikuweza. Yeye hutoboa punje zikiwa bado kwenye gunzi, baada ya miezi michache unakuta vumbi tupu. Mkulima ambaye aliwahi kufungua kihenge mwezi wa kumi na mbili akakuta unga wa mdudu, mwaka unaofuata anauza yote mwezi wa sita. Usimwite mvivu. Na lile ghala la ardhini, muhogo, nalo likapigwa na batobato na baadaye michirizi ya kahawia. Unachimba, unakuta mizizi imeoza ndani. Maghala yote mawili yakawa hayaaminiki.

Mara ya tatu ya mgao ni hii ambayo vijana mnaijua. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa maelfu. Zikafuata kambi: Kanembwa, Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo ya wakati ule, kabla Kakonko haijakatwa kuwa wilaya, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na bado ipo hapo jirani na Makere. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Nduta na Mtendeli zilikuwa zimefungwa, zikafunguliwa tena Warundi walipokimbia kuanzia 2015, kisha Mtendeli ikafungwa tena 2021.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta na chumvi. Mkimbizi naye ni mtu. Hawezi kula kitu kile kile miezi yote, na anahitaji kuni, nyanya, ndizi, na hela ya kusaga. Kwa hiyo sehemu ya mgao ikauzwa vijijini, na mazao ya vijijini yakaingia kambini. Kijana wa miaka 30 wa Makere amekua akiona mafuta ya msaada, yale makopo yenye maandishi ya USA, yakiuzwa kwa kupima kando ya njia, na kopo tupu likageuka kuwa kipimo cha maharage. Watafiti wawili, Jennifer Alix-Garcia na David Saah, walichapisha mwaka 2010 uchambuzi wa bei za masoko ya magharibi mwa Tanzania kipindi cha wakimbizi. Waliona kuwa vyakula visivyokuwa kwenye msaada vilipanda bei sana, na vile vya msaada vilipanda kidogo tu. Mwenye ndizi na maziwa alineemeka. Mwenye mshahara mjini aliumia.

Angalia basi kilichotokea nyumbani. Unga na mafuta vilipatikana karibu, kwa vipimo vidogo, kwa bei ambayo wakati mwingine ilikuwa chini ya gharama ya kulima. Maharage yako yalikuwa na soko la uhakika. Kuuza maharage na kununua unga ilikuwa akili, si ujinga. Tatizo ni kwamba mgao wa kambini hupungua, na wakimbizi hurudi kwao. Siku unga ule unapokosekana, mazoea yanabaki bila kile kilichoyabeba.

Siku ya tatu asubuhi mgeni aliomba jembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema, methali ambayo hata Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa. Tukapalilia wote hadi saa nne. Tulipopumzika alitoa lile daftari. Mwaka uliopita nilivuna magunia 14. Niliuza tisa, gunia 45,000. Kufikia siku ile nilikuwa nimeshanunua mahindi na unga wa thamani ya magunia matatu, kwa bei ya 90,000 kila gunia. Maana yake magunia matatu niliyouza kwa 135,000 nimeyanunua kwa 270,000. "Hii 135,000 ni ada ya nani?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimeuza ili kulipa ada.

Nilidhani mke wangu angemuunga mkono. Hakumuunga. Tulipokuwa tunakula mchana alisema, "Shemeji, hesabu yako ni nzuri, lakini hukuandika vitu vyote. Mafuta yakiwa lita nzima jikoni, mtoto anakaangia kila kitu, siku nne yameisha. Kikombe kimoja kinajilinda chenyewe. Gunia likionekana sebuleni, kila jirani mwenye shida anakuja kwangu, na siwezi kumnyima. Na wewe huyu rafiki yako, mshahara anapewa mara moja kwa mwezi. Mimi hela napata ya nyanya, mia tano, elfu moja. Nitanunua lita na nini?"

Mgeni aliweka kijiko chini. Akasema, "Hayo sikuyaandika kweli."

Nimeyafikiria maneno yale miezi minne sasa, na nadhani mke wangu yuko sahihi kwa mafuta na mimi nilikosea kwa mahindi. Vitu hivi viwili tunavichanganya. Mafuta, sukari na dagaa, kikombe na fungu si tatizo kubwa kama hela yenyewe inaingia kidogo kidogo. Akina mama wenye kikundi cha kuweka na kukopa wanaweza kuchanga, wakanunua dumu la lita 20 na kugawana, kila mtu na chupa yake. Kikundi cha mke wangu kimeanza mwezi wa nne. Wanapima kwa chupa, si kwa kikombe, na ugomvi umekuwa mmoja tu mpaka sasa.

Mahindi ni habari nyingine. Kabla dalali hajaingia, hesabu walaji. Nyumba yangu ina watu sita, na kwa mwaka tunakula karibu magunia saba ya kilo 100, tukichanganya na muhogo na ndizi yanatosha matano na nusu. Wewe hesabu yako unaijua. Hayo toa kwanza, pukuchua, anika mpaka punje ivunjike kwa sauti ukiing'ata, chekecha, ndipo uweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mfuko wa ndani uukamue hewa yote na uufunge kwa nguvu, kisha unaofuata, kisha wa nje. Usiufungue kabla ya miezi mitatu. Dumuzi atakosa hewa humo ndani. Kama unatumia dawa ya unga, changanya kama pakiti inavyosema, usiongeze kwa mkono. Mahindi yasiyokauka usiyafunge, yataota ukungu wenye sumukuvu, na hiyo hata ukipika haitoki.

Yanayobaki uza. Na ukiuza, dai mizani. Gunia la rumbesa lenye kilemba juu ni kilo zako zinazotoka bure, na Wakala wa Vipimo wamelikataza.

Ada? Najua. Ndiyo inayotuuzisha wote mwezi wa sita. Mimi mwaka huu nimeongea na shule nilipe kwa awamu tatu, na awamu ya kwanza nimeilipa kwa maharage ya mwezi wa pili, yale yale ambayo mgeni alisaidia kupura. Sijui kama shule yako itakubali. Uliza mapema, kabla ya mavuno, siyo siku ya kufungua.

Mgeni alikaa siku tisa. Tulimsindikiza stendi na kilo tano za maharage, lita mbili za mawese, na dagaa aliowanunua mwenyewe kwa debe, maana alisema kwa fungu hawezi. Wiki iliyopita alipiga simu kuuliza mavuno. Nimevuna magunia 12, mvua ilikatika mapema. Sita nimeyafunga kwenye mifuko, mke wangu ameyapanga chumba cha ndani na kuyafunika kwa turubai ili yasionekane. Jirani mmoja ameshayajua. Amekuja kuuliza, si mahindi, ameuliza mifuko tulinunua wapi na bei gani. Nimemwelekeza, na wewe ukitaka kuiona inavyofungwa, njoo ofisini siku yoyote ya gulio kabla ya saa tano. Beba mahindi makavu, debe moja linatosha kujifunzia.